Prado 95: nati ya juu ya amotisere ya nyuma inazunguka pamoja na fimbo, gari liko juu na mimi niko chini

MamaNyanya (Goma)

Jambo wote. Naandika nimeketi juu ya tairi la akiba, mikono imejaa grisi, mkiona herufi zimerukana mnisamehe.

Gari ni Prado KZJ95 ya mwaka 1998, ya mazuti, injini 1KZ. Kazi yake ni nyanya. Mara mbili kwa juma natoka Ndosho alfajiri, napita Sake, nashuka Minova, narudi na masanduku kumi na manane ya mbao. Viti vya nyuma nilishaving'oa zamani. Njia hiyo anayeijua anaijua, asiyeijua nisimchoshe. Watu hupima amotisere, zile zinazotuliza mneso wa gari, kwa kusukuma gari na kuhesabu linanesa mara ngapi. Mimi napima kwa sanduku la chini. Zikiwa nzima, nyanya zilizopondeka hazizidi ndoo moja. Miezi hii ni ndoo tatu, na hizo hazinunuliwi ila na wapishi wa sosi, kwa bei yao.

Mtauliza kwa nini muuza nyanya amelala chini ya gari badala ya kwenda garaji. Nilikwenda. Mwaka jana nililipia amotisere nne pamoja na kazi. Nikaonyeshwa, nyeusi zinang'aa, nikashukuru. Wiki chache baadaye nyuma ikaanza kuruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Siku moja mtoto wa dada yangu akaosha chini ya gari, akaniita: mama mdogo, njoo uone. Rangi nyeusi ilikuwa inabanduka kwa vipande, na chini yake kutu na mafuta yaliyoganda miaka. Za mbele ndizo zilikuwa mpya. Za nyuma walizipaka rangi. Nilipokwenda kuuliza, jibu lilikuwa: "Mama, wewe amotisere unaijulia wapi?"

Sawa. Nimenunua nne mwenyewe (za mbele nazo, moja imeshalowa mafuta), na tangu asubuhi tunafanya kazi uani, mimi na huyo mtoto wa dada, ambaye yuko mwaka wa pili wa mekanika.

Ua wetu ni makoro matupu, mawe ya volkano, hakuna sementi. Kriki ya kunyanyulia gari ilizama upande mara mbili, tukaiwekea ubao mnene wa mkaratusi, ikatulia. Tumenyanyua nyuma na shasi tumeikalisha juu ya mawe ya koro yaliyochongwa, yale ya kujengea, yalibaki tulipojenga ukuta. Upande wa kulia ulikubali, kwa sababu tangu Ijumaa nilikuwa naimwagia nati mazuti asubuhi na jioni. Amotisere ya zamani imetoka, mpya bado hatujaitia.

Kushoto ndiko kwenye vita. Ile nati ya juu, iliyojificha kati ya shasi na bodi, ukiizungusha, fimbo nzima ya amotisere inazunguka nayo. Kwenye ncha ya fimbo palikuwa na bapa mbili za kushikia kwa kle (spana), lakini kuna mtu alishazila zikawa mviringo. Namshuku yule aliyepaka rangi. Kutu pia ni ya Goma hasa: moshi wa Nyiragongo unaochanganyika na mvua na kula mabati yetu hauwezi kuhurumia nati.

Nati nitaitoaje? Na jambo la pili: jirani anasema amotisere za mbele tutazifungua hapa hapa, resori (springi) tuifunge kwa kamba ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, na waya, halafu tufungue nati ya katikati. Mtoto anasita. Mimi pia nasita, lakini sijui nasita kwa nini.

Kijana_Himbi (Goma)

Mama usisumbuke. Ita mwenye shalumo, ule moto wa gesi wa mafundi, apashe ile nati moto mpaka ikuwe nyekundu, inatoka yenyewe. Dakika tano. Nilifanya vile kwa RAV4 ya mukubwa wangu na hakuna kitu kilitokea.

Fundi_Ngomo (Bukavu)

Mama Nyanya, kabla hujasoma mstari wa pili, mtoe huyo mtoto chini ya gari.

Ametoka? Haya.

Koro lina matundu kama mkate. Linabeba ukuta wako kwa sababu ukuta umelilalia lote. Shasi inakaa juu ya sehemu ndogo, tena inasukumwa huku na huku na mtu anayevuta kle. Jiwe la namna hiyo halikuonyi, linapasuka tu. Tofali la sementi ni ndugu yake. Kaazime shandeli mbili, zile stendi za chuma za kukalishia gari, katika mtaa mzima hakosi mwenye nazo. Ukikosa kabisa, chukua magogo ya mkaratusi yaliyokatwa bapa pande mbili, mapana, yapangwe kwa kupishana. Hata ukipata shandeli, ziwekee mbao chini, maana miguu yake itazama kwenye changarawe kama kriki ilivyozama. Zile tairi ulizofungua zilaze chini ya shasi. Likianguka, liangukie tairi. Magurudumu ya mbele yazuie kwa mbao, mbele na nyuma. Usitegemee breki ya mkono: kwenye Prado inakamata magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo umeyanyanyua.

Kijana wa Himbi, shalumo hapana. Amotisere nyingi za siku hizi zina gesi ya nitrojeni ndani, juu ya mafuta. Kopo lililofungwa, lina mafuta na gesi, unalipasha moto, na uso wa mtu uko karibu. Na pale nyuma kuna bomba za breki na nyaya. RAV4 ya mkubwa wako ilikuonea huruma.

Sasa nati. Nimeanza kazi hii nikiwa msaidizi wa dereva wa lori, Bukavu na Uvira kupitia Ngomo, na pale mlimani hakuna duka. Unatumia ulicho nacho. Amotisere ya zamani inakwenda kutupwa, kwa hiyo fimbo yake haina heshima tena. Mpya usiishike fimbo kwa koleo hata kidogo: mkwaruzo mmoja kwenye kromi unakula sili kila fimbo inapopanda na kushuka, na mafuta yatavuja mapema. Ya zamani iumize upendavyo.

Kwanza, maliza kulia. Tia ile mpya, ifunge juu na chini, ndipo uguse kushoto. Usiziache zote mbili zimetoka kwa pamoja. Nyuma ya gari lako hakuna lamu, kuna resori za kuzunguka, na amotisere ndizo zinazoizuia ponti, ile ekseli ya nyuma, isishuke kupita kiasi. Zikitoka zote na ponti haijategemezwa, inaning'inia kwenye mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki, na resori inaweza kuchomoka kwenye kiti chake. Nimeona mpira wa breki uliovutwa hivyo. Kwa nje ulionekana mzima. Tuliujua ubovu wake kwenye mteremko.

Kwa hiyo kriki iwe chini ya ponti, inaigusa na kuibeba kidogo, ndipo ufungue bulo ya chini ya kushoto, ile bolti inayoshika amotisere. Kile kifuniko kinachoficha fimbo kipasue ukitoe. Shika fimbo kwa koleo la kujifunga, juu kabisa, mpini wake uegemee shasi ili shasi ndiyo ikushikie. Mtoto azungushe nati kwa juu. Ikikataa tena, chukua msumeno wa chuma. Usikate fimbo, ni ngumu, meno yatateleza na utachoka bure. Kata nati yenyewe, upande mmoja, kuanzia juu kwenda chini, mpaka ukaribie meno yake ya ndani. Halafu tindo na nyundo. Itapasuka. Nati mpya huja na amotisere, angalia ndani ya boksi.

La mbele. Jirani yako mwambie asante, halafu fanya kinyume chake. Mbele ya 95 resori imevaa juu ya amotisere, ni mguu mmoja, na resori imebanwa ndani yake hata gari likiwa hewani. Kinachoishikilia ni ile nati moja ya katikati. Ukiifungua bila mashine ya kubania resori, inaondoka na chochote kilicho mbele yake, na kamba ya chukudu itakuwa mapambo tu. Wewe na mtoto mnasita kwa sababu mna akili.

Lakini si lazima uipeleke Prado garajini. Nyumbani fungua mguu mzima: nati tatu za pembeni pale juu, bulo moja ndefu pale chini, na kiungo cha ile fimbo ya kusawazisha kikikuzuia kifungue nacho. Ya katikati usiiguse. Zile bulo za mkono wa chini zenye alama kama za saa nazo usiziguse, ndizo zinazoshika mpangilio wa magurudumu. Chukua miguu yote miwili na amotisere mbili mpya, panda pikipiki, nenda kwa mwenye mashine ya kubania. Kaa pale pale. Na amotisere zako mpya zikwangue alama yako ndogo kwa msumari sehemu ya chini kabla hujatoka nyumbani, ili zinazorudi ziwe ndizo zilizokwenda.

Shokapu_Kigoma

Nimesoma kichwa cha habari mara mbili nikidhani amotisere ni ugonjwa. Kumbe shokapu! Wakongo bwana. Ponti ni ekseli, bulo ni bolti, kriki ni jeki, nimeelewa sasa, na lamu mnaita zile springi za majani.

Mzee amemaliza mengi. Naongeza mawili ambayo yaliniponza mimi kwenye Hilux.

Pale juu kuna mipira na washa zake, zingine zina kikombe. Piga picha kabla hujavua, maana boksi huja na vitu vingi kuliko ulivyotegemea na kila kimoja kina upande wake. Ukikaza, usikaze kama unafunga nati ya tairi. Mpira ukishatanuka ukalingana na ukingo wa washa, inatosha, isipokuwa karatasi ya ndani ya boksi ikiwa na kipimo chake. Mimi nilikaza mpaka mpira ukatoka nje kama ulimi, na baada ya muda mfupi ukakatika. Kilichofuata ni kelele ya ko-ko-ko nyuma ya kichwa changu mpaka Uvinza.

La pili ni bolti ya chini. Ikiwa gari bado linaning'inia, iingize na uifunge kiasi tu. Kukaza kwa mwisho ufanye gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne. Ule mpira wa ndani ya tundu umeshikamana na chuma chake. Ukiukaza ekseli ikiwa inaning'inia, siku gari likishuka mpira unabaki umejisokota wakati wote, hata likiwa limeegeshwa, na utachanika haraka.

MamaNyanya (Goma)

Aksanti, mzee. Mtoto alikuwa chini nilipoanza kusoma. Alitoka haraka kuliko siku anazoitwa kula. Tuliposhusha gari na kuyaangalia yale mawe, moja lilikuwa na ufa niwezao kuingiza ukucha. Sijamwonyesha dada yangu.

Shandeli nimeazima kwa jirani yule yule wa kamba ya chukudu. Kumbe anazo mbili, ziko chini ya kitanda. Sikumuuliza kwa nini alikuwa ananipa ushauri wa kamba.

Kulia kumekwisha. Kushoto koleo liliteleza, tukaenda kwa msumeno: saa nzima, nyembe mbili zimekufa, zamu kwa zamu, maana pale mkono unaingia mmoja tu. Tindo mara nne. Ile sauti ya nati kupasuka ningeweza kuirekodi niisikilize usiku.

Sasa jipya. Mtoto alikata ule mkanda wa plastiki uliokuwa umeibana amotisere ya kushoto, ikajinyoosha polepole, na sasa ni ndefu kuliko nafasi. Tukiibana kwa mikono inarudi. Upande wa kulia mkanda tuliukata ikiwa imeshafungwa juu, kwa bahati tu. Nimeiharibu?

Fundi_Ngomo (Bukavu)

Hujaharibu kitu. Hiyo ni gesi, inataka kusimama wakati wote. Iweke wima juu ya ubao safi, kikopo chini, fimbo juu, na nati ya zamani au kitambaa juu ya ncha ili usiumize meno. Ilalie kwa uzito wako, polepole, mpaka chini, iache ipande. Fanya hivyo mara tano au sita, ndivyo hewa inavyotoka kwenye mafuta kama amotisere ilisafiri imelala. Ukisikia mwanzoni inakwenda bure halafu inashika, ndiyo hewa hiyo. Mara ya mwisho ibane, mtoto aifunge kwa waya mwembamba kuanzia tundu la chini mpaka juu. Waya huu ni wa kushika amotisere tupu, mtu huishinda kwa uzito wake. Usije ukanisoma vibaya ukarudi kwenye resori.

Iingize juu kwanza, nati izungushwe kwa vidole. Halafu kata waya, uiongoze ishuke kwenye tundu la ponti. Ikipita au ikipungua kidogo, kriki ndiyo mkono wako: pandisha ponti au ishushe mpaka matundu yakutane. Bulo iingie kwa vidole. Bulo inayoingia kwa nyundo ujue matundu hayajakutana.

Kijana_Himbi (Goma)

Aksanti mzee. Nimeuliza mukubwa wangu, anasema ile RAV4 ilianza kuvuja mafuta nyuma wiki mbili baadaye. Hakuwahi kuniambia.

Vumbi_Lushi (Lubumbashi)

Jambo yenu. Sisi huku mawe yenu hatuna, tuna vumbi na njia ya mabati, ile iliyokunjamana kama bati la nyumba. Ukitoka Lubumbashi upande wa Kasenga wakati wa kiangazi, amotisere inafanya kazi kila sekunde, haipumziki. Mafuta yanapata moto, yanatoa povu, na ghafla gari linaelea. Hapo si kwamba zimekufa, zimechoka tu. Ukisimama zikapoa, zinarudi.

Nilichotaka kumwambia Mama Nyanya ni hiki, maana naona kilichomuuma ni ile rangi. Amotisere kazi yake ni kugeuza kuruka kwa gari kuwa joto. Haibebi uzito, uzito ni wa resori. Sasa ukitembea nusu saa kwenye njia mbaya, simama, inama, uguse kila moja. Anza na mgongo wa mkono, kwa kugusa tu na kuondoa, zinaweza kuunguza. Iliyo ya moto inafanya kazi. Iliyobaki baridi wakati wenzake wana moto, hiyo haifanyi kitu, hata ikiwa nyeusi inang'aa namna gani. Mimi hununua magari yaliyotumika kwa namna hiyo. Mwenye gari ananiona nainama njiani, anaanza kupunguza bei kabla sijasema.

Na upepo wa tairi. Ukirudi na masanduku kumi na manane huwezi kushusha sana, lakini ukienda mtupu na tairi ngumu kama jiwe, kila koro linapigwa na amotisere peke yake.

MamaNyanya (Goma)

Narudi kuwapa habari, imepita siku tisa.

Nyuma kulimalizika siku ile ile, kabla ya giza kidogo. Bulo za chini tulizikaza gari likiwa chini, kama alivyosema ndugu wa Kigoma, mtoto akiwa amelala ubavu kwenye makoro na kulalamika. Miguu ya mbele tuliifungua Jumatatu. Nati tatu za juu zilitoka kama siagi. Bulo ya chini ya kulia ilitunyima chakula cha mchana. Nikapanda pikipiki na mfuko mmoja mgongoni na mwingine mapajani, nikaenda kwa fundi mmoja wa Birere mwenye mashine ya kubania. Alipoona alama za msumari akacheka, akaniuliza kama nimewahi kuibiwa. Nikamwambia sijaibiwa, nimepakwa rangi. Alifanya kazi mbele yangu chini ya saa moja. Nilipoona ile resori inavyotetemeka ndani ya mashine ikiachiwa, nikaikumbuka kamba ya chukudu, tumbo likanigeuka.

Jana nilikwenda Minova. Kwenda, nilisimama Sake karibu na wauza mkaa, nikavaa kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, nikainama na kugusa gurudumu baada ya gurudumu. Vijana watatu walikuja kuuliza mama amepoteza nini. Mbele kushoto, moto. Mbele kulia, moto. Nyuma kulia, moto. Nyuma kushoto, ile ya msumeno, moto kuliko zote, au labda ni mimi niliyeishika muda mrefu zaidi.

Kurudi, sanduku la chini: nusu ndoo. Na ile nusu, sehemu kubwa ni kosa la mtoto aliyekalia sanduku kwa sababu viti hakuna. Leo asubuhi tumekagua nati zote tena. Ile ya juu kulia ilikubali robo ya mzunguko, nyingine hazikusogea.

Zile mbili za rangi nyeusi sijazitupa. Moja inaegemeza mlango wa banda la kuku. Nyingine mtoto ameichukua shuleni, mwalimu wao anataka kuikata katikati waone ndani. Nimemwambia amwambie kwanza ina gesi.